Kalibu ya Babu

Kiswahili kimeipa jina moja madini na kile kitokacho mtutuni: risasi. Sisi tulilifahamu jambo hilo kabla ya kwenda shule, kwa kuwa babu yetu, mwindaji wa Unyamwezi mwenye gobore na kibali chake, alisubu risasi zake mwenyewe, na kazi yetu ilikuwa kuvukuta moto.

Risasi huyeyuka upesi, kwa joto la nyuzi 327 tu. Babu aliiyeyushia katika kikombe cha chuma, akaengua taka zilizoelea, kisha akaimimina katika kalibu ya vipande viwili. Kalibu ilipashwa moto kwanza. Ikiwa baridi, goroli hutoka na makunyanzi. Ikiwa na unyevu, hata tone moja, risasi huruka na kuunguza. Kovu la mkono wetu wa kushoto lilitokana na tone hilo. Bibi naye alikataa katakata kikombe kile kisikaribie jiko lake. Hakusoma kemia, lakini waganga wa leo wanakubaliana naye kuwa risasi ni sumu, hasa kwa watoto. Laiti tungalijua, tusingaliuinamia moshi ule!

Wapo wanaolicheka gobore kwa kukosa shabaha. Na waukumbuke mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, ambao ulizuia bunduki zenye mifuo mtutuni zisiingizwe katika sehemu kubwa ya Afrika, ukaacha mlango kwa gumegume zisizo na mifuo, tena kwa masharti. Mifuo ndiyo huizungusha risasi angani ikaenda sawa. Mwenye mtutu laini hana msaada huo. Humbidi kutegemea goroli iliyo mviringo kamili, iliyovikwa kitambaa cha mafuta ili ikae barabara mtutuni.

Kwa hiyo kila goroli ilipimwa uzito kiganjani na kuviringishwa juu ya ubao. Yenye shimo tumboni huyumba, nayo ilirudishwa motoni. Jioni moja tulichoka, tukaipitisha moja mbovu kati ya nzima. Asubuhi babu alilenga alama ya chokaa aliyoichora kwenye mti. Risasi ikapiga dhiraa nzima kando yake. Akatutazama. Kwetu babu na mjukuu ni watani, lakini siku hiyo hakututania. Aliichokoa risasi mtini kwa kisu, akaitia kiganjani mwetu ikiwa imebondeka.

“Mjukuu wangu,” akasema, “kavukute.”