Steringi Kafia Ukutani

Kikwajuni, Unguja

Ami yangu haamini kwamba steringi anaweza kufa. Kakulia katika majumba ya senema ya mjini, na sheria aliyotoka nayo huko ni moja: steringi akipigwa risasi, basi ni ya begani. Ndiyo maana usiku ule, tulipomaliza kutazama The Spy Who Came in from the Cold kwenye kompyuta yangu, alikaa kimya kitambo, kisha akaniuliza kama mkanda umekatika.

Haukukatika. Richard Burton, anayeigiza jasusi wa Kiingereza aitwaye Alec Leamas, yuko juu ya Ukuta wa Berlin. Upande wa magharibi wenzake wanamhimiza aruke. Upande wa mashariki, chini, amelala msichana aliyekuwa akimvuta apande, keshapigwa risasi. Leamas anatazama huku, anatazama huku, halafu anashuka kumfuata msichana, naye anamiminiwa. Picha imekwisha. Ni filamu ya mwaka 1965, kwa hiyo sioni haya kuusimulia mwisho wake. Siri iliyokwishapita miaka sitini haina mwenyewe.

“Sasa kashuka kwa nini?” Ami aliuliza.

Mpwa wangu hakuwepo kumjibu. Alikwishaondoka zamani, baada ya dakika ishirini hivi, akilalamika kwamba picha haina rangi na bunduki hazilii. Kijana huyu kazoea vibanda umiza, ambako mtafsiri humwekea maneno mdomoni kila anayepigana. Humu hakuna cha kutafsiri kwa kelele. Watu wanakaa, wanavuta sigara, wanadanganyana kwa sauti ya chini. Jasusi aliyezoeleka kwetu ni Willy Gamba wa riwaya za Elvis Musiba: suti safi, bastola tayari, warembo hawamtoki. Leamas anavaa koti lililochoka na ananuka pombe hata kupitia kioo.

Ami hakulalamikia rangi. Malalamiko yake yalikuwa mengine, na ana haki nayo. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, Ujerumani Mashariki ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuitambua serikali mpya ya Zanzibar. Ilileta madaktari, walimu na mafundi, na majengo ya ghorofa tuliyokuwa tumekaa ndani yake usiku ule ni kazi yao. Mwaka 1965, mwaka uleule wa filamu hii, serikali ya Ujerumani Magharibi, mjini Bonn, ilichukizwa na Tanzania kwa kuwakubalia Wajerumani Mashariki ubalozi mdogo Dar es Salaam, ikaondoa msaada wake wa kijeshi. Nyerere akawaambia wachukue na uliobaki. Ami alipelekwa Leipzig miaka ya baadaye, akafundishwa Kijerumani katika Taasisi ya Herder kabla ya kuanza masomo yake.

“Kila mtu wa Mashariki humu kapewa uso wa hakimu,” alisema. “Mimi nimekula nao viazi miaka minne, mwanangu. Walikuwa wakicheka.”

Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea. Steringi wa picha hii, kwa maoni yake, si Leamas hata kidogo. Ni Fiedler, yule ofisa Myahudi wa usalama wa Mashariki anayeigizwa na Oskar Werner. Nilicheka. Nikaliandika daftarini pamoja na swali lake, maana wiki ileile nilikuwa nasafiri kwenda Berlin, na kutoka huko Dublin.

Berlin, Friedrichstraße

Filamu inaanzia hapa, Checkpoint Charlie, usiku. Leamas anamngoja mtu wake wa mwisho avuke kutoka Mashariki. Mtu anakuja na baiskeli, anapita kizuizi cha kwanza, taa zinawaka, anauawa mbele ya macho yake.

Mimi nilifika saa tano asubuhi, jua kali. Katikati ya barabara kipo kibanda cheupe chenye mifuko ya mchanga mbele, na foleni ya watalii wanaopigana picha. Kibanda hicho ni nakala iliyowekwa mwaka 2000. Cha mwisho cha kweli kiliondolewa kwa sherehe tarehe 22 Juni 1990, na sasa kinakaa katika makumbusho huko Dahlem. Maneno ni marefu lakini ukweli ni mfupi: mahali ni penyewe, ila hofu imehama.

Hofu niliikuta hatua chache pembeni, Zimmerstraße, ambako husimama mnara mwembamba wa Peter Fechter. Alikuwa na miaka 18. Tarehe 17 Agosti 1962 alipigwa risasi akijaribu kupanda ukuta, akaanguka upande wa Mashariki, akavuja damu kiasi cha saa nzima akiomba msaada. Walinzi wa Mashariki hawakumkaribia, askari wa Magharibi hawakuvuka. Riwaya ya John le Carré iliyozaa filamu hii ilitoka mwaka uliofuata. Mwandishi mwenyewe alikuwa mtumishi wa ujasusi wa Uingereza, akifanya kazi chini ya mwavuli wa ubalozi wa nchi yake huko Bonn, wakati ukuta ulipoanza kusimamishwa Agosti 1961. Sisemi kwamba Leamas ni Fechter. Nasema tu kwamba mtazamaji wa Berlin wa wakati ule hakuhitaji kuelezwa maana ya mtu kuanguka chini ya ukuta huku watu wa pande mbili wakitazama.

Bibi mwenye nyumba niliyopanga chumba, Kreuzberg, ni mwalimu mstaafu aliyekulia Berlin Magharibi. Aliiona filamu akiwa msichana. Nikamwuliza swali la Ami.

“Kachoka,” alisema, akiendelea kumenya tufaha. “Mapenzi hayamo. Mtu aliyechoka vile hawezi kuruka.”

Sikukubaliana naye wakati ule. Nilikuwa bado naamini kwamba kashuka kwa ajili ya Nan, yule msichana wa maktaba anayeigizwa na Claire Bloom. (Katika riwaya anaitwa Liz. Husemwa jina lilibadilishwa kwa kuwa mke wa Burton alikuwa Elizabeth Taylor, na waandishi wa magazeti wasingeshika adabu.)

Lichtenberg

Unateremka kituo cha Magdalenenstraße, unatembea kidogo, unafika makao makuu ya zamani ya Stasi, wizara ya usalama ya Ujerumani Mashariki, ambayo leo ni makumbusho. Nilidhani nitaingia ndani ya filamu: vyumba vya giza, taa moja juu ya meza, kivuli cha nondo. Nikakuta ofisi za waziri Erich Mielke zimepambwa kwa mbao, zina mapazia, viti vya kukalia wageni, na simu nyingi. Ofisi ya mkuu wa idara yoyote ya serikali unayoijua, ila wizara hii ilikuwa na watumishi wapatao 91,000 mwaka 1989, na majalada iliyoacha yakipangwa safu moja yanafika kilomita 111.

Mzee mmoja aliyekuwa akizungukazunguka humo, mwenyeji wa mtaa, aliniambia aliiona filamu baada ya ukuta kuanguka. Ilimchekesha. Waingereza, alisema, waliwapa heshima wasiyostahili: kwenye filamu maofisa wanabishana kwa hoja kama wanafalsafa, wakati yeye aliowajua walikuwa makarani wenye kalamu. Jalada lake mwenyewe amelisoma. Limejaa saa alizotoka nyumbani na saa alizorudi.

Kwa swali la Ami alitikisa kichwa. “Unauliza kisichoulizwa. Uliza nani aliyetaka msichana apigwe.”

Hapo ndipo nilipomkumbuka Ami na Fiedler wake. Leamas anatumwa Mashariki ajifanye msaliti ili amwangushe Mundt, ofisa katili aliyekuwa Nazi. Fiedler anaipokea kazi hiyo kwa moyo mweupe, kwa sababu anaamini kweli kwamba Mundt ni msaliti. Na yuko sahihi! Mundt ni mtu wa London. Mpango mzima ulikuwa wa kumwokoa Mundt na kumwangamiza Fiedler, na Leamas hakuambiwa. Nan alikuwa shahidi wa mwisho anayejua mengi mno. Nani angemwacha afike upande wa pili? Katika picha nzima mtu mmoja tu anasema anachoamini, naye anauliwa na walio upande wa “wetu”. Ami alikuwa ameliona hilo akiwa kwenye kiti cha plastiki, Kikwajuni, na mimi nikacheka.

Dublin, Smithfield

Ukuta wa kwenye filamu haukuwa Berlin. Mwongozaji Martin Ritt aliusimamisha hapa, katika uwanja wa zamani wa soko la farasi, pamoja na Checkpoint Charlie yake yote. Mpiga picha Oswald Morris akaufunika kwa nyeusi na nyeupe, na dunia ikaamini.

Leo Smithfield ni uwanja mrefu wa mawe, wenye maghorofa ya kupangisha, hoteli, jumba la senema, na nyuma yake mtaa wa Bow ambako watalii huonjeshwa wiski. Nilitembea juu ya mawe yale toka mwisho hadi mwisho. Friedrichstraße ina kibanda cha uongo mahali pa kweli na haikunitisha. Hapa kila kitu kilikuwa cha uongo, hata mji, na bado nilijikuta natafuta kwa macho mahali alipoangukia Nan.

Wazee wa mtaa wanaitazama filamu kwa namna yao. Niliyekaa naye kwenye benchi alinihakikishia kwamba kwao hakuna aliyefuata hadithi. Kila mtu alikuwa akitafuta mlango wa duka la mjomba wake nyuma ya askari wa Mashariki. Kisha akaongeza kwamba muuza duka anayepigwa ngumi na Leamas ni Bernard Lee, yuleyule anayekuwa mkubwa wa kazi wa James Bond kwenye filamu nyingine, na kwamba ngumi ile peke yake inatosha kulipia tiketi. Nakubaliana naye.

Nikamwuliza kwa nini kashuka.

“Ng’ambo ya ukuta ule palikuwa na soko la farasi,” alisema. “Wewe ungerukia huko?”

Nilipomsimulia Ami kwa simu, alicheka mpaka akakohoa. Tangu nirudi ameitazama mara mbili zaidi, dakika 112 kila mara, na hukaza macho Fiedler anapoingia. Kuhusu Leamas anakubaliana na bibi wa Kreuzberg: kachoka. Kuhusu steringi hajabadilika, nami nimeacha kubishana naye.