Mwanafunzi Akinyamaza, Mpigie Simu

Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipata hati ya kuidhinishwa mwaka 2023, na sasa mtu anaweza kusomea shahada akiwa nyumbani Kanyakine. Mimi mtunga programu ninajiuliza: mwalimu atajuaje kwamba mwanafunzi asiyemwona ameanza kukata tamaa?

Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, kilianza kulijaribu jambo hili mwaka 2007. Programu yake, Course Signals, ilipima alama za mwanafunzi na mienendo yake mtandaoni, kisha ikamwashia taa ya kijani, njano au nyekundu. Chuo kilisema waliosoma kozi mbili au zaidi zenye taa hizo walibaki chuoni kwa wingi. Mwaka 2013 wakosoaji wakauliza: si aliyebaki muda mrefu ndiye anayepata nafasi ya kusoma kozi nyingi? Yaani, matokeo yamefanywa sababu!

Huku kwetu kuna mtego mwingine. Binamu yangu hununua bando la usiku, hupakua masomo ya wiki nzima, kisha husoma bila mtandao akitoka shambani. Kompyuta inayohesabu siku za kuingia mtandaoni itamwashia nyekundu bure. Afadhali ihesabu kazi alizowasilisha. Na nyekundu ikiwaka, mtu ampigie simu amuulize kulikoni. Hata Sheria ya Kulinda Data ya 2019, kifungu cha 35, inampa mtu haki ya kutoamuliwa mambo mazito na mashine peke yake.

Wewe unaonaje?