Kutoka Ubaoni Hadi Kortini

Watu wengi hudhani kwamba mwalimu wa lugha akiacha shule na kuwa karani mkalimani wa korti, amehama nyumba tu wala hakuhama kazi. Mwalimu mmoja wa Kenya, aliyefundisha Kiswahili na Kiingereza kwa miaka mingi, alidhani vivyo hivyo. Jamaa zake walisikitika kuona anaiacha heshima ya kuitwa mwalimu. Yeye aliwajibu kuwa chombo chake cha kazi ni kile kile, naye anakijua.

Alichokiogopa ni upesi wa kazi. Alikuwa amesikia habari za Marekani, ambako waandishi wa korti hutumia mashine ndogo inayoandika kwa kufuata sauti. Huko atakaye cheti cha chama chao cha taifa hujaribiwa kwa maneno 225 kwa dakika, naye hutakiwa kupata asilimia 95 bila kosa. Lakini katika korti za chini za Kenya, sheria humtaka hakimu auandike ushahidi mwenyewe, au uandikwe mbele yake kwa maagizo yake, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Shahidi akisema kwa lugha isiyo ile inayoandikwa, mara nyingi neno liingialo katika kumbukumbu ni lile litokalo kinywani mwa mkalimani.

Basi mtihani wa mwalimu yule haukuwa wa vidole, ulikuwa wa tabia. Mwalimu amezoea kusahihisha. Akikuta sentensi iliyopinda, huinyosha na kumrudishia mwenyewe ikiwa safi. Darasani huo ni wema, bali kortini waweza kumfunga mtu asiye na hatia.

Tutwae mfano wa kesi ya wizi wa ng'ombe. Mzee aitwa kutoa ushahidi, naye asema, "Mimi naona yeye ndiye alichukua ng'ombe." Sikio la mwalimu lasikia kosa papo hapo, na ulimi wataka kuyanyosha maneno hayo kabla ya kuyatia katika Kiingereza, iwe kwamba mzee alimwona mtu yule akichukua ng'ombe. Lakini "naona" si kuona kwa macho tu, huwa pia ni kudhani. Ushahidi wa macho na dhana ya jirani si kitu kimoja, na kati yao pana miaka ya kifungo.

Mkalimani afanyeje? Asichague. Yampasa kumweleza hakimu kwamba neno hilo lina maana mbili, na kuomba shahidi aulizwe tena. Huenda mzee akajibu kuwa usiku ule alikuwa amelala, na asubuhi aliona nyayo tu zikielekea kwenye boma la mshitakiwa.

Kadhalika na matusi. Neno ambalo mwalimu asingelitamka mbele ya wanafunzi, sasa hana budi kulisema mbele ya korti iliyojaa watu, bila kulipunguza ukali. Shahidi akisitasita, naye asimfanye msemaji hodari.

Maana mshitakiwa akikata rufani, majaji hawamwoni tena yule mzee, bali husoma karatasi. Mwaka 1972, katika kesi ya Okeno, Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki ilieleza kwamba mahakama ya rufani haina budi kuupima ushahidi upya, ikikumbuka kuwa haikuwaona mashahidi wala kuwasikia.

Hata hivyo ualimu wake haukupotea bure. Asiyeijua lugha vema asingalitambua kwamba neno lile lina maana mbili. Elimu ni ile ile, ila darasani yatumika kusahihisha, na kortini yatumika kutambua na kuacha neno jinsi lilivyo. Atakaye kubadili kazi asijiulize tu ni ujuzi gani atakaokwenda nao, ajiulize pia ni desturi gani ataiacha mlangoni.

Nao wasomaji yafaa wakumbuke jambo moja. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 humpa mshitakiwa asiyeelewa lugha ya kesi haki ya kupata mkalimani bila malipo. Asiyeelewa asinyamaze kwa haya, bali amwambie hakimu mapema.