Viatu mlangoni

Hapa kwetu Lubumbashi kilio ni cha watu wote. Mtu akikufa, majirani wanaweka turubai, wanaume wanalala inje karibu na moto, wamama wanasonga bukari, na wafanyakazi wenzake wanachanga. Sisi walimu tulizoea kuleta pia kaziye mbili tatu za pombe.

Siku moja alikufa mwenzetu, mwalimu wa hesabu, Mkimbangu. Tulipofika na kaziye zetu, mjane alisimama mlangoni: «Batata, aksanti, lakini pombe haiingiake humu. Na pa maombi, mutoshe viatu.» Tulikasirika. Mchango wetu unakataliwa, tena twende miguu wazi kama watoto, kwa ajili ya Kimbangu? Mmoja wetu alirudi kwake na kaziye yake. Sisi tulitosha viatu, lakini kwa roho mbaya, hatufichi.

Sisi ni wakatoliki. Kwamba Simon Kimbangu ni Roho Mtakatifu, hatuamini, wala hatutaamini. Noeli yao ya tarehe 25 Mei inatushangaza mpaka leo. Lakini tukiwa tumekaa pale, miguu juu ya saruji ya baridi, tulikumbuka jambo ambalo tunafundisha kila mwaka katika historia bila kulifikiri. Huyu mtu alihubiri miezi michache tu, mwaka 1921, kule Nkamba. Wabeleji walimhukumu kifo, kisha mfalme Albert akageuza hukumu kuwa kifungo cha maisha. Wakamleta huku Katanga, mbali na kwao, na hapa mjini akafa tarehe 12 Oktoba 1951, angali mfungwa. Miaka 30! Na kati ya wale waliomlalamikia kwa serikali walikuwamo wamisionari wa kanisa letu. Waliona kwamba imani ile ni kosa. Sisi nasi tunaona vile vile. Basi tunapitana nao wapi, kama kutosha viatu tu kunatushinda?

Mwaka uliofuata tulifiwa na mama yetu mzazi. Yule mjane alikuja asubuhi mapema na unga kichwani. Rozari ilipoanza alinyamaza, hakuitikia, hakuondoka. Jioni kaziye zilipoingia, aliinuka pole pole, akahamisha kiti chake upande wa jikoni, akaendelea kusonga bukari pamoja na wadada zetu.