Ulimi wa Shosho

Malenge la shosho yangu halina jina kwenye duka lolote la mbegu. Kwao Murang'a wanaliita tu malenge la kwetu, na hilo "kwetu" ndilo jina lote. Ngozi yake ni ya kijivu, ngumu hadi unalipasua kwa panga, si kisu. Ndani ni rangi ya machungwa iliyokolea. Ukilipika haligeuki maji. Linakuwa kavu, la unga, kama ngwaci nzuri, na ukilimeza haraka bila chai unaweza kupaliwa. Ukavu huo ndio sifa yake. Ukavu huo huo ndio uliokuwa unapotea.

Nilianza kukaa kwa shosho baada ya kuacha chuo mwaka wa pili. Karo ilikosekana, mathe akaugua, basi. Sasa naandikia watu makala kwa malipo ya kipande: leo bima, kesho viatu vya watoto. Kazi hiyo haijali uko wapi, bora kuwe na stima na bando. Kwa hivyo nusu ya mwezi niko Kahawa West, nusu nyingine niko Murang'a, laptopu juu ya meza ya kukatia sukuma.

Nimeitwa jina la babu, na kwa desturi ya Wagikuyu hilo linamaanisha shosho huniita mzee wake. Siku moja alisukuma sahani akasema, "Mzee wangu, hili si malenge langu." Mashangazi walisema ni umri, eti ulimi ukifika miaka themanini na kitu unachoka. Lakini mimi niliangalia sahani. Kulikuwa na maji chini yake. Ulimi unaweza kuchoka, sawa, ila maji hayatoki kwa ulimi.

Kila mtu kijijini alikuwa na mshukiwa mmoja: batanati za jirani. Zilianza kupandwa kwa wingi kwa sababu supamaketi zinazitaka, ndogo, zote saizi moja, rahisi kupanga kwenye rafu. Nyuki wakaleta chavua, malenge yakaharibika. Hadithi nzuri, lakini haikuwa kweli, na jibu liko kwenye kikonyo.

Malenge tunayokula hutoka kwa koo kadhaa tofauti. Batanati ni ukoo unaoitwa Cucurbita moschata. Kikonyo chake ni kigumu, kina pembe tano, na kinapanuka kama unyayo pale kinapogusa tunda. Malenge la shosho lina kikonyo cha mviringo, kinene, ambacho likikomaa kinakuwa laini kama kizibo cha chupa. Huo ni ukoo wa Cucurbita maxima. Koo hizi mbili hazizaani kirahisi. Batanati ilikuwa haina hatia.

Nilipozunguka bondeni nikakuta malenge mekundu makubwa, yenye kikonyo kile kile cha kizibo. Yanazaa sana na yanauzika sokoni. Ukiyapika, ni supu. Hao ndio waliokuwa wanazaana na la shosho. Na ubaya wa malenge ni kwamba huoni kosa msimu huo huo. Tunda linafuata mama yake, linatoka kijivu kama kawaida. Kilichochanganyika ni mbegu iliyo ndani. Unaikausha, unaipanda, ndipo mwaka unaofuata unashangaa.

Hapo nikaamua kulirudisha. Si unajua watu wakiuliza "siku hizi unafanya nini?" wanataka jibu la sentensi moja? Langu likawa: naandika na nazalisha malenge. Mjomba mmoja alicheka hadi akakohoa.

Kazi yenyewe inafanyika saa kumi na mbili asubuhi. Mmea mmoja huzaa maua ya aina mbili. Ua la kiume liko kwenye kijiti chembamba, na hayo hutangulia, ndiyo maana wengi hudhani mmea wao ni tasa. La kike lina kimalenge kidogo tayari chini yake. Yote mawili hufunguka alfajiri na kunyauka kabla ya saa sita. Kwa hivyo jioni nazunguka nikitafuta maua yatakayofunguka kesho, nayafunga midomo kwa selotepu ili nyuki asiingie. Asubuhi nalikata la kiume, nalivua petali, nalipaka chavua yake ndani ya la kike, kisha nalifunga tena la kike. Naweka uzi mwekundu kwenye kikonyo. Baada ya miezi kama minne, lenye uzi ndilo la mbegu.

Nilianza msimu wa njahi wa 2024, yaani mvua ndefu, na mashina kumi na manne kutoka kopo la mbegu la shosho. Mawili tu yalitoa malenge makavu. Nikapanda mbegu za hayo mawili msimu wa mwere, mvua fupi. Halafu njahi tena, halafu mwere tena.

Sitaki uone kana kwamba nalinda kitu kilichoumbwa Murang'a. Malenge ni mgeni. Maxima ni ya Amerika Kusini, na familia nzima ilivuka Atlantiki baada ya 1492. Wafaransa wa Eysines, karibu na Bordeaux, wana lao la ukoo huu huu, Galeux d'Eysines, ngozi imejaa vinundu kama njugu zimegandishwa juu yake. Na wao walilipokea, wakachagua mbegu mwaka baada ya mwaka, likawa lao. Ukwetu wa mbegu unatokana na kuchagua. Ukiacha kuchagua, linaenda.

Na kwa miaka mingi, kuchagua na kugawa kulikuwa na hatari yake. Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea ilifanya kuuza au kubadilishana mbegu zisizosajiliwa kuwa kosa, na adhabu ilifika shilingi milioni moja au kifungo cha miaka miwili. Mwaka 2022 wakulima 15 walienda kortini. Novemba 2025 Mahakama Kuu ikawapa haki na kubatilisha vifungu hivyo. Mimi nilisoma habari hiyo kwa simu nikiwa nimechuchumaa kando ya ua wa kaiyaba, selotepu kwenye meno. Shosho hakushtuka. Aliuliza, "Kwani walikuwa wanatufunga kwa kupeana mbegu?" Amepeana maisha yake yote.

Jikoni kuna kanuni moja kabla ya zote: onja kipande kibichi, kidogo tu. Kikiwa kichungu kama dawa, tema na utupe lote. Uchungu huo ni sumu ambayo mbegu zilizochanganyika wakati mwingine huirudisha, na kupika hakuitoi. Likiwa salama, shosho hulipasua vipande vikubwa, ngozi ikiwepo, na kulipika kwa maji kidogo kabisa, kifuniko kimekazwa. Majani machanga tunayavua nyuzi na kuyaponda kwa mukimo. Nairobi mimi nalisaga kwenye unga wa chapati, ila la kwetu lahitaji maji ya ziada kwa sababu ni kavu. Jirani yangu wa keja, mtu wa Mombasa, alinifundisha kulipika kwa tui la nazi na iliki. Nilimpelekea shosho. Alikula mbili, akasema ni keki.

Kuna benki ya taifa ya mbegu pale Muguga, na inafanya kazi muhimu. Mbegu inaweza kukaa kwenye baridi miaka mingi. Lakini ladha haikai kwenye friza. Duniani kuna mtu mmoja tu anayejua kwa hakika malenge hili linafaa kuwa vipi mdomoni, naye amebakiwa na meno machache. Mimi nahesabu misimu. Yeye hahesabu.

Msimu uliopita mashina yalikuwa kumi na moja. Tulipika kipande cha kila moja, sahani zimepangwa bila majina. Alipitisha tisa. Kisha akanigeuzia sahani zote. "Funga macho," akasema. "Sasa niambie wewe."

Nilipata nane. La tisa akanilisha tena, polepole, hadi nikaelewa ni kwa nini amelipitisha.