Nilimhukumu Kabla ya Kupima

Akina mama wenzangu, habari hii ingekuwa rahisi kuisimulia kama ingehusu friji peke yake. Lakini ndani yake yumo msichana wetu wa kazi, ambaye nilikaribia kumrudisha kwao kwa kosa asilolitenda. Kwa hiyo nitaisimulia yote.

Tunaishi Morogoro. Mume wangu ni mwajiriwa, nami nyumbani nauza maziwa mgando, juisi ya ukwaju na barafu za watoto. Zamu yangu ya upatu ilipofika nilinunua friji la inveta, maana niliambiwa halili umeme mwingi. Mume wangu alinishauri ninunue la kawaida, ambalo kila fundi analijua. Sikumsikiliza. Na kweli matumizi ya umeme yalipungua, nami nikajisifu sana.

Jumatatu moja asubuhi nilifungua mlango nikakuta barafu zote zimekuwa maji. Lita 12 za maziwa zilikuwa zimeharibika. Taa ya ndani inawaka, feni inazunguka, lakini baridi hakuna.

Nilimwita msichana papo hapo, watoto wakiwa mezani wanakunywa chai. "Umeacha mlango wazi usiku kucha!"

"Hapana, mama," alijibu. "Jana usiku umeme ulikatika. Uliporudi, taa ziliwaka kwa nguvu sana, halafu zikafifia. Tangu hapo friji linashtuka kidogo kama linataka kuwaka, kisha linanyamaza. Baada ya muda linashtuka tena."

Nilimwambia asinifundishe kazi. Msichana aliyemtangulia alikuwa na tabia ya kuacha mlango wa friji wazi, nami nikaona na huyu ni yale yale. Nikatamka kwamba hasara ya maziwa nitaikata kwenye mshahara wake, na mwisho wa mwezi atarudi kwao. Hakunijibu. Alichukua kitambaa akaanza kukausha maji sakafuni.

Jioni mume wangu aliliangalia friji, akaniangalia mimi, akasema neno moja tu: "Nilikuambia." Usiku ule hatukuzungumza tena.

Kesho yake alikuja fundi mmoja, mtu mzima aliyezoea kazi yake. Alifungua nyuma, akachomoa waya za kompresa, akapima pini zake tatu kwa mita. Kisha akatikisa kichwa. "Mama, kompresa nzima hutoa namba tatu tofauti, na ile kubwa ni jumla ya zile mbili ndogo. Hii yako inatoa namba moja kote. Imekufa." Kompresa mpya pamoja na gesi ingekuwa shilingi 450,000. Au kama nimechoka, angelinunua friji kama chuma chakavu kwa 80,000. Ili kunihakikishia, alitaka kuiunga kompresa moja kwa moja na umeme wa ukutani. Nilimwomba angoje hadi baba watoto arudi, kwa kuwa fedha hatukuwa nazo. Sikujua kwamba kwa neno hilo nilikuwa nimeliokoa friji.

Jirani yangu akaniambia yupo binti aliyesomea ufundi wa majokofu VETA. Alipofika nilisita, maana umri wake haukumzidi sana msichana wangu. Kabla hajafungua mkoba wake aliniuliza, "Mama, lilianza lini, na nani alikuwepo lilipoanza?"

Ilinibidi nimwite msichana kutoka uani. Alieleza yale yale aliyonieleza mimi. Fundi alimsikiliza hadi mwisho, akauliza maswali mawili matatu, akasema, "Umenisaidia sana, mdogo wangu." Niliinamisha macho.

Kisha alitueleza. Kompresa ya kawaida inajua mambo mawili tu: kuwaka kwa nguvu zote, au kuzima. Kompresa ya inveta hubadili mwendo, ikaenda mbio kukiwa na joto na polepole baridi ikitosha. Ndiyo maana huokoa umeme. Lakini haiwezi kutumia umeme wa ukutani jinsi ulivyo. Kando yake kuna kibao kidogo, mafundi hukiita bodi ya inveta, ambacho huugeuza umeme huo na kuupeleka kwenye kompresa kwa njia tatu, kwa mwendo unaotakiwa. Bodi ikiugua, kompresa hukaa kimya hata kama ni nzima.

Alipoondoa kifuniko cha nyuma, tuliona kitaa kidogo kikipepesa mara kadhaa, kikapumzika, kikarudia. Idadi ya kupepesa ni lugha ya kiwanda, na kila kiwanda kina yake. Aliisoma kwenye kitabu chake: kompresa imeshindwa kuanza. "Lakini haijasema mgonjwa ni nani," alisema. "Lazima tupime." Akapima, akakuta umeme wa ukutani unafika kwenye bodi vizuri.

Alichomoa plagi, akakaa bila kugusa kitu kwa dakika kumi. Ndani ya bodi kuna kapasita zinazotunza umeme wa zaidi ya volti 300, na mtu anaweza kupigwa hata friji likiwa limechomolewa. Muda ulipopita alipima kwanza kama umeme umekwisha, ndipo akaanza kazi.

Naye alipima pini zilezile tatu, na mita ikasoma namba ileile kote: oomu 9 na kitu. "Basi imekufa kweli," nikasema. Alicheka. "Hapana, mama. Kompresa ya inveta ikiwa nzima, namba zote tatu hulingana. Zikitofautiana ndipo tungelia." Akapima tena kati ya kila pini na mwili wa kompresa. Mita haikusoma kitu, na ndivyo inavyotakiwa. Fundi wa kwanza hakutudanganya. Aliipima kompresa mpya kwa kipimo cha zile za zamani, akaiona afya yake kuwa ugonjwa. Na kama angeiunga na umeme wa ukutani, angeiunguza kweli.

Ugonjwa ulikuwa kwenye bodi. Kapasita moja ilikuwa imevimba kichwani, na kando yake palikuwa na alama nyeusi ya kuungua. Kishindo cha umeme uliporudi usiku ule ndicho kilichoiua. Bodi mpya ya aina ileile ilitugharimu shilingi 120,000, na kazi yake 25,000. Alipochomeka plagi tulingoja dakika chache, kisha kompresa ikaanza kuvuma taratibu.

Kabla hajaondoka alituachia mashauri, nami nawapa ninyi. Tumia stebilaiza inayongoja dakika chache kabla ya kurudisha umeme; kama huna, umeme ukikatika chomoa friji, ulirudishe ukishatulia. Acha nafasi kati ya friji na ukuta, na ondoa vumbi nyuma mara kwa mara, friji likiwa limechomolewa. Soma kibandiko chake: kikiandikwa R600a, gesi hiyo hushika moto, basi asisogee mtu na moto wala wa kuchomelea mabomba asiyejua kazi hiyo. Na friji likizima, usifungue mlango ovyo. Likifungwa vizuri hutunza chakula kwa saa 4 hivi, na friza iliyojaa kwa saa 48. Fundi yeyote akikuambia kompresa imekufa, mwulize kwa upole, "Umeipima kama ya inveta?"

Jioni ile mume wangu alipokuta friji linavuma, nilimweleza yote, pamoja na habari ya msichana. Alinyamaza kidogo, akasema, "Basi nami lile 'nilikuambia' nalifuta."

Lakini kazi ngumu zaidi ilikuwa yangu. Nilimgombeza msichana mbele ya watoto, kwa hiyo nilimwomba radhi mbele ya watoto. Nilimwambia kwamba yeye ndiye aliyeijua kweli tangu asubuhi ya kwanza, nami sikutaka kuisikia kwa sababu nilimpima kwa makosa ya mwenzake. Nikamhakikishia kwamba mshahara wake haukatwi hata senti, na kwamba hapa ni kwake.

"Nimesikia, mama," alisema. Halafu, akiwa ameinama, akaongeza, "Nguo zangu nilikuwa nimeshazifunga."

Nilikwenda naye chumbani kwake. Fuko lilikuwa nyuma ya mlango, limefungwa kwa kamba. Tulilifungua pamoja.