Mahari yangu ilipokwama Kitonga

Kama wewe ni kijana wa mjini na umewahi kuota gari linalopiga mluzi kila ukikanyaga mafuta, basi kaa na mimi dakika chache kabla hujampa dalali mshiko wako. Mimi ndoto hiyo niliilipia. Tena niliilipia mara mbili, na mara ya pili ilikuwa mbele ya wakwe.

Gari lenyewe ni Subaru Forester ya mwaka 2004, yenye turbo, rangi ya fedha, niliyoinunua mkononi mwa mtu hapa Dar es Salaam mwaka 2021. Dashibodi ilisema limetembea kilometa 118,000, lakini mimi na wewe tunazijua dashibodi za mjini hapa. Sikuuliza mengi. Nilisikia ule mluzi, nikaliona lile tundu la hewa juu ya boneti, nikajiona tayari niko Masaki, kioo kimeshuka nusu, mkono nje. Washikaji wa kijiweni Sinza wakanipa jina jipya wiki ile ile, na jina hilo silitaji hapa kwa kuwa maza naye anasoma ukurasa huu.

Mwaka uliofuata likaja suala la mahari. Mchumba wangu ni binti wa Iringa, na wazee wa kwao walitutaka Jumamosi saa nane mchana bila kuchelewa. Nikasema gari lazima liwe safi nje na ndani, maana nilikuwa nimbebe baba mdogo na mshenga, watu wazima wawili wasiopenda mchezo.

Alhamisi nikaenda kwa fundi mmoja wa uchochoroni. Akafungua kifuniko cha oili, akaingiza kidole, kikatoka na kitu cheusi kizito kama molasi. Akatikisa kichwa. "Bro, injini yako imejaa masizi. Tuiflashi."

Kwa wasiojua, kuflashi injini ni kumimina chupa ya dawa ndani ya oili ile chakavu, unawasha injini inaunguruma palepale kama dakika kumi bila kukanyagwa, dawa inalainisha ule uchafu, kisha unamwaga kila kitu, unafunga filta mpya na kutia oili mpya. Chupa yenyewe imeandika hivyo hivyo. Fundi wangu maandishi yale aliyaona marefu. Alisema dakika kumi haitoshi kwa uchafu kama ule, akapanda garini, akaenda nalo mpaka barabara kubwa na kurudi, huku anavuta resi. Mimi nimesimama na kikombe cha kahawa, natabasamu, naona kazi inafanyika!

Ilipomwagwa, oili ilitoka nyeusi tii. Nikafurahi. Niliona nimetibu ugonjwa wa miaka kumi na minane kwa nusu saa.

Safari ikaanza Jumamosi alfajiri. Morogoro tumeipita vizuri, Mikumi tumeona swala na mshenga amepiga picha zake. Hapo taa ya mafuta ikawaka. Kituo cha mafuta nilikuwa nimekipita dakika chache tu nyuma, lakini nani alitaka kugeuza gari mbele ya baba mdogo? Kijijini mbele kulikuwa na kijiwe cha bodaboda wanauza petroli kwenye chupa za maji. Nikanunua lita kumi. Baba mdogo akanusa hewa akasema, "Mwanangu, hii mbona inanukia kama kibatari?" Nikacheka. Mzee wa watu hajui magari, nikajisemea.

Kumbe pua yake ilikuwa sahihi kuliko akili yangu. Kuchanganya mafuta ya taa kwenye petroli na dizeli ni mchezo wa siku nyingi nchini, mpaka EWURA wakaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 Serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili mchezo usilipe. Lakini chupa ya kijiweni haina wa kuipima.

Tukaipita Ruaha Mbuyuni, tukaanza kupanda Kitonga. Anayeijua Kitonga haitaji maelezo, na asiyeijua afikirie ukuta uliowekewa lami na kona. Nikakanyaga mafuta. Chini ya boneti ukaanza mlio, ka-ka-ka-ka, kama mtu anayetikisa kokoto ndani ya kopo. Nguvu zikakata. Nikapunguza mguu, mlio ukapungua. Nikakanyaga, ukarudi. Kona mbili juu yake ule mluzi nilioupenda ukageuka king'ora, halafu ukanyamaza, na nyuma yetu ukatanda moshi wa bluu hata lori lililokuwa nyuma likapiga honi. Nikaliegesha pembeni. Baba mdogo akashuka na suti yake, bila neno, akaanza kuvunja matawi ayatandaze barabarani.

Saa nane ilitukuta hapo hapo.

Mahari ilifika Iringa saa kumi na moja jioni ndani ya lori la vitunguu. Baba mdogo na mshenga walikaa mbele na dereva, mimi juu ya magunia na begi la mahari limefungwa kifuani. Wakwe walitupokea, lakini waliotupokea walikuwa wananukia sabuni na sisi tunanukia vitunguu. Wakatutoza faini ya kuchelewa, haki yao. Mzee mmoja akaniuliza kwa upole, "Kijana, tumesikia una gari?"

Gari lilivutwa mpaka Iringa mjini, na huko nilimpata fundi mzee, mtaratibu, anayevaa miwani iliyofungwa kwa uzi. Akalifungua kwa siku mbili huku ananifundisha. Na alichonifundisha ndicho ninachokupa wewe bure, japo mimi nilikilipia.

Turbo, alisema, ni feni mbili kwenye mhimili mmoja. Moja inasukumwa na moshi unaotoka injini, ya pili inashindilia hewa inayoingia. Mhimili ule huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kinachouokoa usisagike ni utando mwembamba wa oili tu. Oili hiyo inafika kupitia bomba dogo, na kwenye injini yangu bolti ya bomba hilo ilikuwa na kichujio ndani yake, kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Akaifungua bolti, akanikabidhi mkononi. Kichujio kimezibwa na chembe nyeusi. Akashusha sampu, tukakuta chujio la pampu ya oili nalo limezibwa karibu nusu.

"Uchafu huu ulikuwa umelala kwenye kuta za injini," akasema. "Nyie mmeuamsha, halafu hamkuutoa wote."

Nikamwuliza, je, ile petroli ya kijiweni? Nilitaka sana iwe ndiyo yenye kosa, kwa sababu muuzaji yuko mbali. Mzee akasema petroli ilikuwa na kesi yake. Hewa ikishindiliwa inapata moto, na petroli dhaifu ikikutana na joto hilo inajilipukia yenyewe kabla ya wakati wake. Ndio ule mlio wa kokoto. Injini ina sensa ya kuusikia, inachelewesha cheche ya plagi kujiokoa, ndiyo maana nguvu zilikata. Ningeendelea kukanyaga ningepasua pistoni. Ila turbo imekufa kwa kiu ya oili. Hapo nilinyamaza.

Akafungua mfuniko wa tangi, akanionyesha karatasi ya Kijapani ambayo mwaka mzima nilidhani ni pambo. Tukaielekezea simu, ikatafsiri: petroli ya daraja la juu. Japani wana petroli mbili, ya kawaida ambayo viwango vyao vinaitaka isipungue oktani 89, na ya juu isiyopungua 96. Gari langu limetengenezwa kwa hiyo ya pili. Oktani si nguvu, ni uvumilivu wa petroli isijilipukie. Kwa hiyo wewe mwenye Vitz isiyo na turbo unayejaza petroli ya bei mbaya ili ukimbie, unatoa sadaka tu.

Turbo ya mtumba niliipata Gerezani kwa shilingi 450,000, ikasafirishwa kwa basi. Fedha hiyo ilikuwa ya send-off. Mchumba alipoambiwa alikaa siku tatu bila kupokea simu yangu, na ya nne akapokea kuniuliza kama vitunguu vimeshatoka mwilini.

Mzee hakuflashi tena. Alisafisha sampu kwa mkono, akaweka bolti mpya, akatia oili nzuri na kuniamuru niimwage baada ya kilometa 1,000, kisha tena baada ya 2,000, uchafu uliobaki utoke kidogo kidogo na filta yake. Baada ya hapo kila 5,000, na si oili ya kupima kwenye pipa. Alisema kuflashi si dhambi kwa injini iliyotunzwa tangu mwanzo, lakini iliyokaa na uchafu miaka na ina turbo, aiogope kama mimi ninavyomwogopa mkwe. Akaongeza: ukitoka kuliendesha kwa nguvu usizime ghafla, liache liungurume dakika moja mbili, turbo ipoe, oili isiungulie ndani.

Siku hizi naenda Iringa mara mbili kwa mwaka, tangi limejazwa kituoni Morogoro, na Kitonga naipanda bila kokoto. Tukifika kwa wakwe nasimamisha gari uani na kubaki ndani linaunguruma. Mara ya kwanza mama mkwe alisubiri mlangoni, akaona sishuki, akaja kugonga kioo.

"Baba, kwani hata leo umechukia nini?"

"Shikamoo mama," nikamwambia. "Bado dakika moja."